Mtamba Aliyekwenda na Maji

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa. Nikatolewa darasa la pili, nikapewa kikapu cha kuchuna majani chai. Kwa hivyo sikusoma. Lakini mtu asiniambie sijui maji. Nimekulia kando ya mto, hapa Kimulot, nikinywesha ng'ombe kwa baridi ya kukata masikio.

Jirani yangu hajapita Soin, hapo chini tu, maishani. Ndiye alinicheka mbele ya wazee, pale tunapopimia majani, niliposema naweza kuvua hata baharini.

"Wewe utoe samaki baharini? Leta mmoja tu wa mkono wako, chukua mtamba wangu. Ukikosa, nachukua wako."

Tukashikana mikono.

Julai nikaenda pwani kwa binti yangu, mwalimu. Nikakuta watu wamevaa jaketi. Jaketi! Eti kipupwe. Mimi jasho lilinitoka hadi kwa soksi. Mvuvi aliyenipeleka kwenye ghuba, mzee kama mimi, alivaa kofia ya sufu. Akasema wakati huu wa baridi samaki hulala kwenye kina, karibu na mikoko. Nikatia chambo cha kamba kwa ndoana, nikatupa hapo. Kufika saa nne nilikuwa na samaki watatu aina ya changu. Yeye alikuwa na maneno.

Nikawaweka kwa kapu ukingoni, mahali pakavu, nikapanda kivulini kunywa chai.

"Mzee wa bara, sogeza kapu! Maji yanajaa."

"Yajae na nini? Mvua iko wapi?"

Akacheka. Nikamhurumia, mtu mzima hajui maji. Mto wetu haujawahi kupanda bila mvua. Nikamimina kikombe cha pili.

Niliposhuka, pale pakavu palikuwa bahari. Kapu lilielea mbali, limelala upande.

"Usijali, jioni yatatoka," akasema.

"Na samaki?"

"Hao wamekwenda kwao."

Basi langu lilikuwa la mchana.

"Baba, nunua wawili sokoni," binti akanishauri. "Nani atajua?"

"Mimi."

Kwetu wako walionunua hata uzee wa kanisa. Mimi sikununua samaki. Nilirudi mikono mitupu, nikasema yote mbele ya wazee walewale. Jirani alifika na kamba ya ng'ombe kabla sijavua viatu.

"Boiyo," akaniita kwa heshima ya mzee, meno yote nje, "bahari inakusalimia."

Bahari hajaiona. Mtamba wangu amezaa kwake, maziwa anakunywa.

Leo nina ekari tatu za chai, nyumba ya mawe ya vyumba vinne, tangi la maji, ng'ombe wanne, walikuwa watano, na ndoana moja.