Waliponifungia Chumvi

Nilikuwa nimelala kwenye saruji ya baraza la hospitali, shavu langu ndani ya matapishi yangu, na Dresa Chacha, yule msaidizi wa daktari, akanivuka kama anavuka mbwa. Yeye ndiye aliyeagiza nitolewe kitandani. "Hiyo ni wodi ya Waarabu," alisema. "Huyu ni Mwarabu gani mweusi hivi? Mpelekeni kwa wenzake." Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni Asha binti Salim wa duka la Machochwe, baba Mwarabu, mama Mkurya. Ulimi haukuinuka.

Nyinyi wa misheni mmeniambia nishuhudie ili wagonjwa wengine wapate moyo. Haya, nashuhudia. Ila majina sitayaficha.

Zamani nilikuwa mwanamke wa kazi. Shule sikusoma, nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani basi. Mume wangu alipokufa nilirudi kwa kaka yangu Nasoro, tukakaa dukani. Yeye alipima vitambaa, mimi nilipima chumvi. Machochwe watu hununua chumvi zaidi kwa ajili ya ng'ombe kuliko kwa ajili ya mboga, na magunia yale niliyainua mwenyewe.

Mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia mpya wa Uingereza, nikaanza kuchoka. Nikisimama, macho yanaingia giza. Nikisikia harufu ya chakula, natapika. Mara naharisha, mara siku nne sipati choo. Nguo zikanipwaya. Kisha ngozi ikaanza kugeuka, na si kwa jua: mistari ya viganja, viwiko, kovu langu la kisu, hata fizi, kama nimepakwa masizi. Wateja wakanitania, "Asha, damu ya mama yako imemshinda baba yako!" Nikacheka nao. Sasa sicheki.

Na chumvi niliitamani kupita kiasi. Nilikuwa natia mkono guniani, nalamba kiganja.

Nasoro aliponikuta alipiga kelele. "Umekuwa ng'ombe wewe? Watu wakiona, nani atanunua?" Akanipeleka hospitalini kwa Chacha. Dresa yule alikuwa na ugonjwa mmoja tu kwa Waarabu wote. Hakunishika, hakunitazama kinywani. "Nyinyi na kahawa yenu na tende zenu. Tumbo la Waarabu hilo." Akanipa mafuta ya nyonyo niharishe zaidi, kisha akamgeukia kaka: "Na chumvi asiiguse kabisa."

Nasoro akatia kufuli ghalani, ufunguo akauvaa shingoni. Mboga yangu ikapikwa peke yake, bila chumvi. Mama Bhoke, jirani yetu mfugaji, alikuja kununua, akaniona nimekunjamana pembeni.

"Wewe mura, kijana wangu," alimwambia Nasoro, "ng'ombe akilamba ukuta hatumpigi. Tunampa chumvi."

"Dada yangu si ng'ombe, mama."

"Ndiyo maana ng'ombe wangu wamenona."

Siku ya kumi na moja tangu kufuli lile sikuweza kusimama. Nikapakiwa kwenye lori la kwenda hospitali, na Mama Bhoke akaja nami. Nasoro alibaki na duka lake.

Hospitalini nililazwa karibu na Bi Thuweba, Mwarabu wa Tarime. Alikuwa anakunywa ndoo ya maji na kukojoa ndoo, na sisimizi walijipanga mstari mpaka kwenye chombo chake cha mkojo. Chacha aliwakanyaga kwa kiatu. "Tumbo," akasema, akampa mafuta yale yale. Siku ya tatu Bi Thuweba alikufa kikombe kikiwa mkononi. Asubuhi hiyo Chacha alikuja kukagua vitanda, na kwa mara ya kwanza akaitazama ngozi yangu. Aliitazama ili anifukuze.

Pale barazani Mama Bhoke alifungua pindo la shuka lake. Alikuwa na chumvi ya ng'ombe. Akaikoroga kwenye maji, akaninywesha kidogo kidogo, natapika, ananipa tena. Jioni nikaweza kusema. Daktari wa misheni, ambaye hupita mara moja kwa wiki, akatukuta.

"Umempa nini huyu?"

Mama Bhoke aliogopa. "Chumvi, bwana. Ya ng'ombe."

Hakucheka. Alinifungua kinywa, akatazama fizi, akageuza viganja vyangu. "Nani alimkataza chumvi?" Wauguzi wakamtaja Chacha. Akasema kuna tezi ndogo juu ya figo, na zangu zimekufa. Zikifa, chumvi yote hutoka na mkojo, na ngozi hugeuka. "Huyu alikuwa anajitibu mwenyewe," alisema, "nanyi mkamnyang'anya dawa." Nikatundikiwa chupa ya maji ya chumvi, kisha nikapewa vidonge vya kutoka Ulaya. Navimeza kila asubuhi mpaka nife.

Nilimweleza pia habari za wale sisimizi. Akasema ule ulikuwa ugonjwa wa sukari, na sindano yake ilikuwamo kabatini.

Basi nimepona. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Bhoke. Na wewe unayeumwa, mwili wako ukidai kitu usione haya; kitaje, na umlazimishe mganga akutazame kinywani.

Nasoro anasema yamepita. Ufunguo bado anauvaa.

Na Chacha bado anavaa koti jeupe. Chacha, njoo usimame kwenye baraza lile, mchana, watu wakiwepo. Ya kwangu nitakudai mwenyewe. Jibu kwanza ya Bi Thuweba, maana yeye hawezi kukuuliza. Sisimizi uliwaona. Ulidhani wanafuata nini?