Tangazo Lililotazamana na Televisheni

Ofisi ya Msajili wa Ndoa inapenda kuutangazia umma kwamba kila nia ya ndoa itabandikwa kwenye ubao wa matangazo, mahali pa wazi panapopitwa na watu wengi, kwa siku ishirini na moja mfululizo, ili umma upate kuisoma kwa utulivu, kuitafakari, na mwenye pingamizi ajitokeze nalo. Waraka unaosema hivyo una mihuri miwili na sahihi tatu, na unaanza kwa kueleza kwamba uwazi ndio nguzo ya ndoa. Asiyeamini akausome. Umebandikwa kwenye ubao huohuo.

Aliyeubandika ni karani wa masjala, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye kila mtu alimwita Mama Muhuri. Kabla ya kugonga muhuri aliupulizia pumzi mara mbili, haa, haa, kama mtu anayesafisha miwani, halafu akaushusha kwa kishindo kilichowafanya maharusi washtuke na kushikana mikono. Wengine walikuwa hawajashikana mikono mpaka dakika hiyo.

Kwenye ukumbi wa kusubiria, ukutani, mkabala kabisa na ubao, kulikuwa na televisheni. Makao makuu waliileta ili wananchi wanaosubiri huduma wapate elimu ya uraia. Elimu yenyewe ilikuwa ya dakika tisa. Ikifika mwisho inaanza upya. Baada ya mwezi mfagizi aliweza kuitamka yote huku anadeki, pamoja na muziki. Siku moja Mama Muhuri alichukua rimoti, akaigeuzageuza kama anachagua nyanya, akabonyeza. Ikatokea tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwanamke alikuwa analia mvuani, na mwavuli anao mkononi, umefungwa.

"Mbona haufungui?" akauliza Mama Muhuri.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Hajapata jibu, na hajaacha kutazama.

Hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya. Alizitazama kwa jicho la kazi, na maoni yake aliyatoa kwa sauti ya kutangazia walio nyuma. Zile za kale, za majoho na panga, alizikosoa kwa upande wa utaratibu. Mfalme ana wake arobaini na hakuna daftari. Binti anavaa nguo za kiume, anaishi kambini miaka mitatu na askari mia tano, hagunduliki. "Hakuna aliyemwomba kitambulisho," alisema, na hapo akaona chanzo cha kuanguka kwa utawala mzima. Mtu akichomwa upanga wa kifua, anaongea dakika kumi na mbili, sentensi zimenyooka. "Mashahidi wangu hapa, wazima, wamekula, wanashindwa kutaja majina yao." Na wale waliopendana miaka elfu tatu, wakifa na kuzaliwa upya na kutafutana, hao hakuwa na namna ya kuwasaidia. Kwenye fomu, nafasi ya umri ina vikasha viwili. "Halafu ukifa, ndoa imekwisha. Ukirudi unaanza upya, na picha ndogo mbili."

Za kisasa ndizo zilizomchoma. Mkurugenzi kijana, hacheki, hana kazi unayomwona akiifanya, na koti lake halikunjamani hata akilalia sofa, anaandikiana ndoa ya mwaka mmoja na msichana aliyemmwagia kahawa. Mkataba haukumsumbua Mama Muhuri. Ofisi yake haikusajili ndoa zenye tarehe ya kwisha, ingawa alikiri kwamba mahakama ingepumua. Kilichomsumbua ni ofisi ya kule. Wawili wanaingia, wanapigwa picha mbele ya kitambaa chekundu, muhuri unagongwa, wanatoka na vijitabu viwili vyekundu. Dakika kumi. Hakuna ubao. Hakuna siku ishirini na moja. Hakuna shangazi mlangoni. Sehemu hiyo aliitazama kama mpishi wa hospitali anavyotazama picha za hotelini.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala chini ya mashine ya kunakili.

Fundi wa mashine hizo alikuwa mjane kama yeye, mtu wa vidole vyeusi na maneno machache. Alianza kuja mara moja kila miezi mitatu. Kufikia mwaka wa nne mashine ilikuwa na afya kuliko mfanyakazi yeyote wa ofisi ile, na yeye bado anaikagua. Tamthilia ndefu hakuzipenda. Alipenda vichekesho, hasa kile cha familia ya vizazi vitatu iliyobanana kwenye vyumba viwili, babu amejifungia chooni na gazeti na foleni imefika jikoni. Kwa maoni yake, nusu saa inatosha kwa tatizo lolote la binadamu. Kwa maoni ya Mama Muhuri, lililokwisha kwa nusu saa halikuwa tatizo. Walibishana hivyo kwa miaka, yeye mezani, mwenzake sakafuni, na hakuna aliyeona kwamba ni uchumba, wao wenyewe wakiwemo.

Mpaka siku moja ilipotoka tamthilia yenye wanaume wawili, mmoja wa koti, mwingine wa kuleta supu na mwavuli kila siku.

"Huyu wa supu ndiye wa kuolewa naye," alisema Mama Muhuri. "Na hachaguliwi. Hawachaguliwi kamwe."

"Hachaguliwi kwa sababu hasemi," ilijibu sauti kutoka chini ya mashine.

"Na wewe mwezi huu umekuja mara ngapi?"

"Tisa."

"Mashine ina nini?"

"Haina kitu."

Akajitoa chini ya mashine, wino wa unga umemkaa puani.

"Nasema sasa," alisema.

Ingekuwa kule kwenye vijitabu vyekundu, mambo yangekwisha kabla ya chai. Lakini Mama Muhuri alikuwa na dada mkubwa. Huyu alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana, na kustaafu hakukuwa kumemfikia kichwani. Miaka sita baada ya Mama Muhuri kufiwa, mwalimu mmoja wa jiografia alitaka kumwoa. Tangazo likabandikwa. Siku ya pili Dada Mkubwa akalisoma. Siku ya tatu akaleta pingamizi la kurasa tatu. Sheria haikutambua hata moja ya sababu zake, maana nyingi zilihusu jinsi mwalimu anavyotafuna. Haikumzuia kuitisha vikao vya familia. Vilifika kumi na kimoja. Mwisho mwalimu aliomba uhamisho kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe ilimbidi apatafute kwenye ramani.

"Huyu wa sasa akikimbia," Mama Muhuri alimwambia Fundi, "sitafuti mwingine. Nitazeeka na muhuri."

"Sikimbii."

"Hujakalishwa kikao cha saa nne na dada yangu."

Angeweza kulificha tangazo. Ufunguo wa ubao alikuwa nao yeye. Lakini kwa miaka ishirini na minane amewarudisha majumbani watoto wa wakubwa waliotaka wapunguziwe siku, na hakuona vipi ajipunguzie yeye hata moja. Aliandika fomu kwa mwandiko wake bora, akampelekea Msajili, ambaye husaini kila kitu kati ya chai ya kwanza na ya pili bila kusoma. Msajili alisaini, akauliza kama biskuti zimekwisha. Tangazo likabandikwa mstari wa pili, la tatu kutoka kushoto.

Wiki hiyohiyo televisheni ya Dada Mkubwa ikaharibika. Fundi alijitolea kwenda kuiangalia. Mama Muhuri akaupeleka ujumbe kama salamu za kawaida tu.

"Mtu wa makaratasi ashike televisheni yangu?" alisema Dada Mkubwa. "Nitakuja kutazama kwenu."

Akaja. Kila siku saa nane kasoro kumi mchana, na mto wake wa kukalia, akachukua nafasi katikati ya benchi, chini ya ubao, kisogo chake shubiri moja kutoka kwa jina la mdogo wake. Mama Muhuri aliacha kula mchana.

Kilichomwokoa ni tamthilia ya msimu huo, vipande arobaini na nane, habari za mjane mwenye duka la tambi anayetaka kuolewa na fundi baiskeli, na wifi yake mkubwa amesimama katikati kama mlango wa chuma. Iliushika ukumbi mzima. Watu waliokuja kufuata vyeti walivipata asubuhi na bado saa nane wapo. Wote walikaa wakiitazama televisheni, na ili uitazame televisheni ilikubidi uupe ubao mgongo. Siku zikaenda hivyo, tano, kumi, kumi na sita.

Siku ya kumi na saba, saa nane na robo, wifi aliuliza, "Na ukoo utasema nini?" Mjane akafumbua mdomo ajibu, na umeme ukakatika.

Watu kumi na wanne wakabaki hawana cha kutazama. Mama Muhuri hakuwahi kuona hatari ya namna hiyo kazini. Walitazama kucha. Walitazama viatu vya wenzao. Bwana mmoja akaanza kusoma kwa sauti maelekezo ya mtungi wa zimamoto. Dada Mkubwa akainuka, akanyoosha kiuno, akageuka, akavaa miwani.

"Haya, tuone nani wanaoana mjini."

Alianza kona ya juu kushoto, kidole kikifuata, kama alivyozoea kuita majina bwenini, bila kuruka mtu. La kwanza. La pili. Mstari wa kwanza ulikuwa na matangazo matano.

Mama Muhuri alisimama, muhuri mkononi. "Mimi," alisema kwa sauti ya walio nyuma, "naona yule mjane aache upuuzi."

Kidole kikasimama kwenye la nne. "Upuuzi gani?"

"Huo wa kuolewa. Umri ule anatafuta nini? Akae na tambi zake. Wifi ana haki."

Dada Mkubwa hakuwahi kukubaliana na mdogo wake tangu mdogo alipojifunza kusema, na hakuona sababu ya kuanza leo. Akageuka, mwili mzima, miwani akaivua.

"Haki ipi? Alimzaa?"

"Ni mkubwa wa familia."

"Ukubwa wa familia unamkandia mgongo? Mtu mzima kajitafutia mtu wake, hakuiba, hakuvunja nyumba ya mwenzake. Nani ana ruhusa ya kumkalisha vikao?"

"Haswa," alisema mama mmoja mwenye kofia ya sufi.

"Vikao vinasaidia, dada."

"Vinamsaidia anayepika chai. Mimi nimekaa vikao maisha yangu yote, mdogo wangu, usinifundishe."

"Sawa, na mwanaume mwenyewe? Fundi tu. Mikono myeusi, saa zote yuko chini ya kitu."

"Fundi ana mikono, angalau. Hao wako wa makoti wana nini zaidi ya koti?"

Kwenye chumba cha ndani, mashine ya kunakili, ambayo haikuwa na umeme, ilitoa mlio wa mtu aliyejigonga kichwa kwenye mfuniko. Hakuna aliyejali. Ukumbi ulikuwa umegawanyika, kumi na watatu upande wa Dada Mkubwa na Mama Muhuri peke yake upande wa pili, akishindwa kwa juhudi zote alizonazo. Alipoishiwa hoja alizirudia za zamani, na nyingi alizitoa kwenye pingamizi la kurasa tatu, neno kwa neno. Dada Mkubwa alizipasua moja baada ya nyingine, wala hakuonyesha kuzikumbuka. Umeme uliporudi baada ya dakika arobaini, alikaa chini ameridhika, kisogo ubaoni.

Siku ya ishirini na mbili Msajili alifungua daftari, akasoma majina, akasoma tena.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Nilisaini?"

"Ulisaini."

"Pingamizi?"

"Halikuletwa."

Saa nane kasoro kumi, Mama Muhuri alitokea ukumbini. "Dada, tumepungukiwa shahidi. Ni dakika kumi, tamthilia haijaanza."

Dada Mkubwa aliingia na mto wake kwapani. Akamwona Fundi ndani ya koti, mikono imesuguliwa mpaka imekuwa ya rangi nyingine. Akaona kwamba bibi harusi hayupo, isipokuwa mdogo wake, aliyesimama upande usio wa karani.

"Lilibandikwa lini?"

"Kwa siku zote ishirini na moja. Nyuma ya kichwa chako."

Nje mlangoni yule mama wa kofia ya sufi alikuwa amesimama, anamtazama Dada Mkubwa kwa heshima kama ya mtu anayemtazama wakili wake. Dada Mkubwa alimwona. Aliweka mto chini. Alimkagua Fundi kuanzia viatu, taratibu, kona kwa kona.

"Televisheni yangu," alimwambia, "ina mstari wa kijani katikati."

"Nitakuja kesho, dada."

"Uje saa mbili. Saa mbili si saa tatu." Akachukua kalamu.

Shughuli ilichukua dakika tisa. Muhuri Mama Muhuri aliupulizia mwenyewe, mara mbili, kwa sababu Msajili hakujua. Vyeti viwili viliwekwa ndani ya majalada mekundu ya ofisi, aliyoyaomba stoo kwa barua.

Ripoti iliyopelekwa makao makuu mwisho wa mwezi inasema kwamba nia hiyo ya ndoa ilitangazwa kwa uwazi, na kwamba umma uliisoma kwa utulivu na kuitafakari. Tangazo halijabanduliwa, kwa kuwa waraka unaeleza kubandika tu, si kubandua. Mpaka sasa limesomwa na mtu mmoja, aliyekuwa anatafuta choo.