Nyayo Zilizokosekana Malkani

Mimi sina subira, na habari hii huniwasha kila nikiikumbuka. Kwetu, nje kidogo ya Garsen, ng'ombe wana njia yao ya kwenda kunywa mtoni. Tunaiita malka. Haina hati wala ua. Ni yetu kwa sababu tunaipita, basi.

Kiangazi kile kirefu, kampuni iliyotaka kulima miwa kando ya mto ilianza kutuletea maji kwa lori. Bure. Ikajenga na birika la saruji huku juu, mbali na mto, na kila asubuhi dereva akipiga honi yake ndefu, ng'ombe wanakuja mbio. Mheshimiwa wetu, yule tuliyempa kura za wadi, akaja kupigwa picha kando ya birika. Mama alifurahi. Alikuwa mjane mwenye magoti mabovu, na mtoni ni mbali.

Nilimwambia, "Mama, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Wewe ni mdomo tu. Nani atawapeleka mtoni, wewe?"

Singeweza. Duka langu lilikuwa mjini.

Mathenge, ile miti ya miiba, haijali kiangazi. Miezi ikapita, miiba ikaziba malka. Kisha lori likaacha kuja, bila hata kuaga, na juma lile lile akafika afisa wa ardhi kukagua kama pale pana njia ya mifugo. Alikuja kwa gari la kampuni. Usukani ameshika dereva yule yule wa maji, na mheshimiwa kakaa mbele. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumwona Mama.

Mama akawaongoza hadi malkani. Afisa akainama, akatazama chini.

"Mama, nyayo ziko wapi?"

"Ng'ombe walikuwa wakinywa kwenu."

"Kwetu? Mimi ni wa serikali, mama."

Mama akalitazama gari, akamtazama na yeye. "Kwani si nyinyi kwa nyinyi?" Hakuwa akimkejeli. Aliuliza kwa sababu hakujua.

Nikamgeukia mheshimiwa. Malka ile anaijua. Alinyweshea ng'ombe wa babake hapo hapo. "Sema basi," nikamwambia.

"Dada, tuheshimu utaratibu."

Utaratibu! Nilitamani kumrushia kandambili yangu.

"Basi hapa hakuna njia," afisa akasema, akajipangusa mikono. Kwa maneno hayo tu mto ukawa wa miwa. Wakapanda gari lao.

Mbele kidogo mbuzi walikuwa wamelala barabarani. Dereva akapiga honi, ile ile ndefu. Ng'ombe wa Mama, ambao koo zao zilikuwa zimekauka, wakachomoka vichakani wakalifuata gari mbio, mto wakauacha nyuma. Mama akawakimbilia na fimbo yake, na magoti yake yale, akimwita kila mmoja kwa jina. Hakugeuka hata mmoja.