Kuufuata Mwangwi wa Mzee Nandonde

Kosa langu la mwanzo katika ufundi lilikuwa kusafisha mlio ambao mwenyewe hakuulalamikia. Mzee Nandonde, mpiga gitaa wa Temeke, aliniletea amplifaya yake ya zamani ya valvu, zile taa za kioo, kwa sababu ilikuwa ikivuma. Uvumaji niliuondoa. Kisha nikaona mwangwi wake ni mrefu mno, unachafua noti, nami uchafu huninyima usingizi. Mwangwi wa amplifaya hizo hutoka kwenye kisanduku cha bati chenye springi ndefu: sauti huingia upande mmoja, huzitikisa, hutokea upande wa pili ikiwa imechelewa. Nikazibana springi kwa sponji na gundi, nikabadilisha na rizista moja, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme. Mwangwi ukawa mfupi, safi. Nilijisifu peke yangu. Wiki chache baadaye mkewe akanipigia simu: mzee haigusi tena amplifaya yake, na Jumamosi wenzake wa bendi ya zamani wanamngoja.

Asubuhi ya Alhamisi niliondoka Kiwalani kwa bodaboda, manyunyu usoni. Njia nzima nilirudia hesabu za saketi kichwani, nikitafuta kosa. Sikuliona.

Temeke, Mama Tumaini, mkewe, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi? Mie nikidhani jitu zima, kumbe hata ndevu bado!"

Nikamwomba mzee apige kidogo. Akakataa. Mkewe akamwekea gitaa mapajani, naye akapiga. Ndipo nilipoona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vikichelewa. Kiharusi kilikuwa kimempitia. Kati ya noti na noti palibaki shimo, na ule mwangwi mrefu ndio uliokuwa ukiyafukia mashimo hayo.

"Umesikia?" mzee akaniuliza. "Umenivua nguo, mwanangu."

Nikaifungua amplifaya pale pale. Nilipobandua sponji, gundi iling'oka na uzi wa shaba mwembamba kama unywele. Kisanduku kikafa.

Mchana nilikuwa Mikocheni, kwenye karakana ya Braza Sudi, mtu anayehifadhi mabaki ya vyombo vya muziki. Nilimweleza yote, hata ya gundi.

"Gundi! Kwenye springi!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe umejifunzia wapi?"

"Kwenye simu."

"Basi rudi ukaiulize simu." Lakini akainuka, akafukua rundo la mabati, akanitolea kisanduku chenye kutu. "Kimoja tu hicho. Ukikiua, usinijie tena hapa."

Kurudi nilipanda bajaji nikiwa nimekipakata. Kila shimo la barabara springi ziliguruma, hadi dereva akageuka. "Braza, umebeba nini humo, radi?" Sikuweza kucheka.

Jioni, Temeke, nilikifunga kile kisanduku, nikairudisha rizista ya awali. Mwangwi ukatoka mrefu, ila mkavu, una ladha ya bati. Haukuwa ule wa kwanza. Mzee akapiga, akasikiliza mpaka ulipokwisha wote.

"Huyu ni mgeni," akasema.

"Nisamehe, mzee."

"Mgeni naye hukusitiri, kama huna ndugu."

Jumamosi nilisimama nyuma kabisa ya ukumbi. Alipiga nyimbo mbili, amekaa kitini. Watu wakashangilia, wenzake wakamwomba ya tatu. Akatikisa kichwa, akainama, akachomoa waya mwenyewe. Nikarudi Kiwalani kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Mama Tumaini ananiambia gitaa liko juu ya kabati hadi leo. Sijui kilichomwachisha kupiga ni ule mkono au ni mimi, na sijathubutu kuuliza.

Siku hizi sifungui chombo cha mtu kabla hajakipiga mbele yangu. Naitazama mikono yake kwanza, halafu namuuliza ni kipi nisikiguse.