Godoro Lisilotikisika

Mume wangu anaitwa Mpole, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Kule machinjioni anakofanya kazi, watu wanasalimiana kwa matusi, na yeye ndiye anayeamua ugomvi. Mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Nimeishi naye miaka mingi na sijawahi kumwona akimwinulia mtu mkono akiwa macho. Nasema akiwa macho. Usingizini ni mtu mwingine kabisa, na huyo mwingine amekwisha kuning'oa meno mawili.

Ngojeni nimalize kwanza, maana nawajua mnavyopenda kukata shauri kabla ya kusikia kesi.

Yeye ni mchinjaji, mimi nakanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Kazi zetu zote mbili huanza kabla ya mapambazuko, na huko njiani ndiko tulikokutana, yeye na buti zake za mpira, mimi na kitambaa changu cheupe kichwani. Kwa hiyo sisi hulala mchana. Tunarudi, tunaoga, tunakula, tunashusha pazia, na jua likiwa utosini tunajitupa kitandani huku mtaa mzima ukipiga kelele zake. Watoto wa jirani walikuwa wakitucheka, wanasema sisi ni popo.

Kilichomharibia usingizi ni fahali. Alikata kamba kule machinjioni akambana ukutani rafiki wa Mpole, mtu waliyejifunza naye kazi, waliyekuwa wakila naye sahani moja. Pembe iliingia chini ya mbavu. Wakati huo Mpole hakuwa na kisu mkononi. Alimrukia yule mnyama akaanza kumpiga ngumi, za macho, za pua, za pembeni mwa sikio, huku akipiga kelele, "Mwachie! Mwachie!" Ngumi kwa fahali ni nini? Vidole vya Mpole vilivunjika, fahali hakugeuza hata shingo, na mwenzake akakata roho akiwa amesimama, amebanwa pale pale. Damu yake ilioshwa kwa mpira ule ule wa kuoshea damu ya ng'ombe. Mkono ulipopona Mpole alirudi kazini, maana njaa haijui msiba. Tangu hapo fahali yule humfuata kitandani.

Mpole alianza kwa mateke. Kisha zikaja ngumi. Mtu anayechuna ng'ombe siku zote mkono wake si wa mchezo. Siku ya jino la kwanza niliona nyota mchana kweupe, na la pili nililimeza. Akizinduka akaona damu, analia kuliko mimi niliyepigwa. Watu wakiniuliza nasema nimeteleza bafuni. Jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke asiyedanganyika, aliniuliza ni bafu gani hilo linalopiga watu kila mara. Nilimwambia ashone nguo zake.

Hospitali tulikwenda. Akapewa vidonge vya usingizi, na usingizi wake ukamfuata mpaka kazini. Kisu kikamponyoka kikapita pajani kwake, akarudi suruali imelowa mpaka kwenye buti. Vidonge akavitupa chooni.

Mtasema si mngelala vyumba mbalimbali. Tulikuwa na kistoo kidogo cha magunia, na nilimwambia. Akasema, "Siku utakayonihamishia huko, nitajua na wewe umeamini kwamba mimi ni mnyama." Kistoo kikabaki cha magunia.

Basi nikajifunza. Godoro letu lilikuwa la springi, kuukuu, linalia kama lango bovu. Kabla Mpole hajapiga, mwili wake hujikunja kwanza, na akijikunja upande wake springi zilitikisika mpaka upande wangu. Zikitikisika, nafumbua macho najiviringisha mpaka sakafuni, na ngumi inaukuta mto. Mito mingi ilipasuka kwa njia hiyo, na uso wangu ukapona. Lakini mwenye kulala vile halali. Akigeuka tu nashtuka, akikohoa nashtuka. Alfajiri moja nilisinzia mbele ya mashine ya kukandia, ikanikamata mkono wa gauni. Mwenzangu alipoizima mkono ulikuwa ndani mpaka kwenye kiwiko. Mfupa ulipona, ngozi haikupona. Msimamizi akaniambia nikisinzia tena nitatoka pale na mkono mmoja na bila kazi.

Mpole aliifungua bandeji ya ule mkono, akautazama, akaifunga tena. Halafu akachukua simu, akaanza kutafuta godoro.

Mtu aliyekuwa akitumia simu kwa salamu tu akawa mtaalamu. Kila akitoka kazini anasoma. Akajua sponji nyepesi na sponji nzito, akajua kwamba mtu mwenye mwili kama wake akilalia nyepesi, baada ya muda mfupi kunakuwa na shimo. Akajua inchi ngapi za kutosha, na kwa nini godoro jipya huanikwa kwanza harufu iishe. Maoni ya wanunuzi alinisomea yote, mpaka ya wale wanaogombana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alisema mgongo umepona, mwingine akasema ni uongo, hilo godoro ni mkate. Muuza duka mmoja Mpole alimwandikia akitaka kujua kama mtu akirusha ngumi upande huu, aliyelala upande wa pili atasikia. Yule akajibu, kaka, unatafuta godoro au ulingo? Kisha hakupokea tena ujumbe wake.

Lililomkata kiu lilikuwa na video. Bilauri ya maji imewekwa pembeni mwa godoro, na upande wa pili mwanamume mzima anarukaruka, maji hayachezi. Mpole aliitazama hadi nikaichoka. Chini yake mwanamke mmoja ameandika kwamba mumewe akirudi usiku wa manane yeye hana habari, anagundua asubuhi kwamba kumbe mtu amelala naye. Nilicheka, nikamwambia Mpole huyo dada hajui anachojisifia. Hata yeye alicheka. Adui yetu tulishamjua, naye ni mtikisiko. Tukaagiza.

Godoro lilikuja limekunjwa, limekazwa ndani ya nailoni kama mtu aliyezuia pumzi. Mpole aliipasua nailoni kwa kisu chake cha kazi, taratibu, asije akalichana, nalo likapumua likavimba mbele yetu. La springi tukalitoa uani. Harufu ilipoisha tukaweka bilauri upande wangu, Mpole akapiga upande wake ngumi moja ya nguvu. Maji hayakutikisika. Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu siku ya fahali.

Nililala fofofo. Na hilo ndilo kosa letu, wala hakuna wa kumlaumu. Springi za kunishtua hazikuwepo. Mpole alijikunja, na godoro likafanya kazi yake, likanificha kila kitu. Ngumi ilinikuta mdomo wazi, usingizini, taya likavunjika pande mbili. Nilipozinduka goti lake lilikuwa kifuani kwangu na ngumi nyingine iko njiani, naye macho wazi hayaoni, anapiga kelele, "Mwachie!" Nilitaka kuita jina lake, ikatoka damu.

Fundi cherehani aliingia na mkasi mkononi. Alinikuta taya linaning'inia, na mume wangu amepiga magoti, sasa yuko macho, mikono yote miwili nyekundu. Angeamini nini? Wewe ungeamini nini?

Hospitali walinifunga taya kwa waya. Niliporudi nyumbani kaka zangu wawili, walioitwa na fundi cherehani, walikuwa wamekwisha kufika. Ni wapakiaji wa mawe, na kila mmoja amekuja na mpini wa jembe. Kaka mkubwa alimuuliza Mpole swali moja, nani amempiga dada yao.

"Ni mimi," Mpole akasema. Hakuongeza neno.

Walimpiga. Nimeona ng'ombe akichinjwa na sikugeuza uso, lakini hapo niligeuza. Mpini ulimpasua kichwa, ukamvunja ubavu, ukarudi pale pale, na yeye hakuinua mkono hata wa kujikinga. Nilimvuta kaka shati likachanika. Niliguna nyuma ya waya, wakadhani ni hofu. Niliandika kwenye simu, alikuwa amelala. Kaka mkubwa alisoma, akairusha simu ukutani, akasema hata leo bado unamtetea. Miaka yote nimewaambia ni bafu. Sasa nasema kweli na mdomo umefungwa.

Walipochoka walimfunga mikono kwa kamba ya lori, wakaifunga kamba kwenye mguu wa kitanda, wakaita polisi, wakakaa kungoja. Mpole hakuwa amelala tangu anivunje. Aliegemea godoro, damu inamtoka, na kichwa kikamwangukia kifuani. Kaka mdogo akasema mtazameni mwuaji anavyosinzia.

Halafu fahali akaja. Mpole alijikunja, akaruka, kamba ikamrudisha, akaruka tena. Kitanda kizima kikaburutwa sakafuni pamoja na godoro lake. "Mwachie! Mwachie!" Sauti ile haikuwa ya mtu anayepiga, ilikuwa ya mtu anayeomba. Kaka mdogo alimfuata amshike, akala teke la pua, akaketi chini na damu mdomoni. Kaka mkubwa alisimama na mpini wake, hakujua apige wapi.

Mpole alizinduka. Alitazama kamba, akatazama vifundo vya mikono yake vilivyochubuka, kisha akanitafuta mimi, akaniona niko mbali mlangoni, sijaguswa.

"Shemeji," akasema, "kamba hii ni nzuri. Msinifungue."

Kaka mkubwa aliuegemeza mpini ukutani kwa adabu, kama mgeni. Alimfungua Mpole yeye mwenyewe, akamfuta damu kwa shati lake, na baadaye polisi walipofika aliwaambia yalikuwa mambo ya nyumbani. Kisha akanivuta kando. "Dada, huyu si mtu mbaya," akasema. "Lakini atakuua."

Yote mawili ni kweli, nami sikuwa na kinywa cha kubishana. Mpole ninampenda, naona aibu gani kusema? Niliingia jikoni nikachukua kisu chake cha kazi. Kaka wakasimama wote wawili. Nikapita katikati yao, nikakichoma kisu katikati ya godoro, nikalipasua kutoka kichwani mpaka miguuni, sponji inatoka chembechembe. Nilipomaliza nilimwonyesha Mpole nusu moja, kisha nikamwonyesha kistoo.

Alielewa. Nilimwona akielewa, na kipigo chote cha kaka zangu hakikumfanya vile. Aliibeba nusu yake mwenyewe, na ubavu umevunjika, akakataa kusaidiwa.

Duka lilituma ujumbe kwenye simu ya Mpole likitaka maoni yetu. Nimeliwekea godoro nyota zote tano. Halitikisiki hata kidogo, waliyoahidi wameyatimiza.

Taya limeunga, limekaa upande. Mchana tunakula pamoja, tunataniana, ananiambia sasa nikicheka nacheka kushoto tu. Kisha anaingia kistoo, nami nasukuma komeo kwa nje.

"Umefunga?" ananiuliza.

"Nimefunga."

"Vuta uone."

Navuta, asikie. Ndipo analala.