Kichekesho Kilichofika Mwera Kabla Yangu

Wadau, kuna siku nilisimama mbele za watu nikaanza kichekesho kipya kabisa, na mwanamke nisiyemjua akakimalizia.

Hakubahatisha. Alikimalizia neno kwa neno.

Ilikuwa kijijini Mwera, siku ya gulio, mida ya saa kumi alasiri. Mimi na mwenzangu Hosea tulikuwa tunalijaribu onyesho letu jipya, "Foleni ya Horohoro", yaani foleni ya mpakani kwenda Kenya. Kwa wasiotujua, sisi ni wachekeshaji wa matamasha. Mwaka wa sita huo tunazunguka, leo Pangani, kesho Bagamoyo, keshokutwa tumevuka Mombasa. Onyesho jipya huwa tunaanza nalo vijijini, maana mtu wa kijijini hakucheki kwa kukuonea huruma.

Hosea anakuwa ofisa wa mpakani. Mimi najifunga kanga, nakuwa mama anayehama na nyumba nzima.

"Hiki nini?" anauliza Hosea.

"Kitanda."

"Na huyu aliyelala juu yake?"

"Mume wangu."

"Ana karatasi?"

Nikafungua mdomo nijibu, mwanamke wa mstari wa mbele akaniwahi. "Hana kazi, hana karatasi. Muandike kwenye mizigo."

Watu wakavunjika mbavu. Kicheko kikawa chake, mimi nimebaki na kanga yangu kiunoni.

Kichekesho kile tulikitunga Jumanne. Siku hiyo ni Jumamosi. Dunia nzima tulikuwa tunakijua watu wawili tu.

Mmoja mimi.

Sasa mnielewe kwa nini niliogopa. Bi Saleha, mwandaaji wa tamasha la Tanga mjini, alikuwa ametupa nafasi ya kufunga tamasha. Miaka sita tunaililia nafasi hiyo. Na alitupa sharti moja akiwa amenikazia macho: "Nasri, nikisikia hata kitu kimoja ambacho watu wameshakisikia, nafasi nampa mwingine."

Kumbe mtu wangu ananichoma.

Nikaanza kumchunguza Hosea. Nikimtafutia sababu, naipata. Simu ikiita, anatoka nje kuipokea. Akirudi, nikimuuliza ni nani, anasema, "Mtu tu, kaka." Mtu gani huyo asiye na jina?

Halafu kikaja kitu kibaya zaidi. Kila tukitunga kichekesho kikali, baada ya siku mbili tatu Hosea anasema, "Kaka, hiki tukitoe, tuweke kingine."

"Kina kosa gani?"

"Hakina kosa. Tukitoe tu."

Nikasema moyoni, ahaa. Anavitoa kwetu anavipeleka kwa wengine. Huyu Msambaa amenizunguka mchana kweupe.

Nikamtegea.

Nikatunga kichekesho kimoja cha kuku anayekataa kuvuka mpaka kwa sababu upande wa pili ana madeni ya mayai. Nikamwambia Hosea peke yake, asubuhi, pale uani kwa mama yangu, mtaa wa Mabawa, tunapofanyia mazoezi. Sikukiandika popote.

Ijumaa nikaenda kunyoa. Kinyozi ananipitishia mashine kisogoni, huku anamsimulia mteja mwingine habari za kuku mwenye madeni ya mayai.

Nilitoka na nusu kichwa.

Hosea nilimkuta uani anashona kofia yake ya ofisa. Sikumsalimu. Nikamwambia yote, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nikamwita mnafiki. Nikamwambia nimekula naye sahani moja miaka sita kumbe nakula na nyoka.

Alikata uzi kwa meno, akaiweka kofia juu ya kiti.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, kaka. Msalimie mama."

Akaondoka zake. Nilijisikia mshindi, na nisiwafiche, niliona raha.

Siku ya nne akafariki jirani yetu, Mzee Sabiri. Nikaenda msibani kama kila mtu. Maiti ikaoshwa, ikasaliwa, na jeneza likaanza kutolewa uani.

Wabebaji wakafika getini, wakakuta njia imezibwa.

Aliyeziba ni mama yangu. Amevaa koti la Mzee Sabiri, na balaghashia ya marehemu kichwani.

Mama ni mtani. Ukoo wetu una utani na koo nyingi, na kwenye msiba mtani anamsema marehemu apendavyo, hakuna wa kununa. Nilijua anakwenda misibani. Anachokifanya huko sikuwahi kukitazama, maana mimi miezi yote niko njiani.

"Simameni hapo," akasema. "Huu mpaka. Mmebeba nini?"

"Mzee Sabiri," wakajibu wabebaji.

"Ana karatasi?"

Wabebaji wakatazamana.

"Hana kazi, hana karatasi. Miaka arobaini anakula wali wa Zuwena. Muandikeni kwenye mizigo."

Mlangoni, katikati ya wanawake, Bi Zuwena mjane, ambaye tangu jana hakutia hata maji mdomoni, alicheka. Alicheka, kisha kilio kikamtoka, wenzake wakamshika. Mama akaachia njia.

Jeneza likapita, mimi nikabaki nimeegemea geti.

Jioni nikamkalisha. "Mama, kile kichekesho cha nani?"

"Si chako? Mnapiga makelele uani kwangu kila asubuhi, wadhani mimi kiziwi?"

"Umekisema wapi kwingine?"

"Mwera, kwa matanga ya shangazi wa jirani yetu Tausi. Yule kuku nilimpeleka msiba wa wiki iliyopita, watu walicheka, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hosea alinikataza. Siku ile ile ya Mwera alimuuliza yule mwanamke kakisikia wapi, akaambiwa kwa mama mmoja wa Mabawa. Akaja kwangu. Nikamwambia kweli, toka baba yako afe, kazi hii ndiyo inayonitoa ndani. Akasema basi usiache. Kila nikitoka msibani anipigia, aniuliza leo nimetumia kipi, ili mkitoe na muweke kingine. Alisema wewe ukijua utanizuia."

Na ningemzuia. Wallahi ningemzuia.

Nilimpigia Hosea palepale. Alikuwa kwao Lushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, mimi naona aibu ya kumuomba radhi mtu ambaye alikuwa anamtunza mama yangu.

"Nimekusamehe, Nasri," akasema. "Lakini jukwaani ofisa akikagua mizigo anakupa mgongo. Mimi sasa nikikupa mgongo nitakuwa nawaza unaniangalia vipi. Sitaweza kuchekesha hivyo. Tafuta ofisa mwingine."

Sikutafuta. Nilimrudishia Bi Saleha nafasi yake, na siku ya tamasha nikakaa kwenye viti na watu wengine, nikampigia makofi aliyepewa.

Nawaachia hili tu. Mimi na Hosea tulisikia jambo moja, siku moja, tumesimama pamoja. Yeye aliuliza, mimi nikatega. Swali lake lilimchukua dakika moja. Mtego wangu nilihangaika nao wiki nzima, na ulimnasa rafiki yangu.