Pampu ya Tatu

Mnisamehe mwandiko wangu. Herufi zimelala upande kama nyasi, na mahali pengine nimekosea nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Tunakaa kota za askari magereza, Luzira. Baba hulinda mnarani. Mimi nina pumu tangu utotoni. Nilikuwa na pampu mbili za kuvuta dawa: ya kahawia ya kila siku, na ya buluu ya kuniokoa kifua kikibana. Hazikutosha. Baba akasema nikizidi kuugua atanipeleka kwa bibi, kaskazini, mbali na moshi wa mji. Lakini kule hospitali iko mbali, nami niliogopa kufia njiani.

Ndipo daktari akaongeza ya tatu, ya kijivu. Alisema niivute kila asubuhi, bila kuacha ya kahawia. Niliitikia kwa kichwa tu. Mbele ya wakubwa sauti yangu hujificha.

Nyumbani Mama aliifunga kwenye leso, akaiweka katika sanduku la bati, juu ya sare ya Baba ya gwaride. Kwetu kitu kipya cha maana hakiguswi mpaka siku yake.

"Hii ni ya siku mbaya," alisema. Sikubisha.

Siku mbaya ikaja. Jirani aliwasha sigiri karibu na mlango wetu, na mkaa wake ulikuwa umenyeshewa. Moshi ukaingia, kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama akakimbilia sandukuni. Nikavuta ya kijivu, nikangoja. Hakuna kitu. Nikaona ukuta unasogea.

"Bambi, maskini wee, mpe ile ya buluu!" jirani akapiga kelele. "Hiyo mpya mnawawekea wageni?"

Ya buluu ikanirudisha.

Baba aliporudi na kusikia yote, hata agizo la daktari la kila asubuhi, alivua kofia akakaa, akamgeukia Mama.

"Mama, mimi napanda mnara lini?"

"Zamu yako ikianza."

"Singoji kwanza mfungwa aruke ukuta?"

Mama akacheka, machozi yakimtoka. "Haya Mzee, sanduku libaki na gwaride lako."

Sasa ya kijivu inakaa karibu na miswaki. Kila asubuhi Baba, akifunga vifungo vyake, huita, "Zamu!"

"Imeingia, Mzee," najibu.

Lakini bado nina wasiwasi. Ya buluu naisikia ikifungua kifua. Hii iko kimya, inanikausha mdomo tu. Moyo ukienda mbio sijui ni dawa au ni woga. Nikifua nguo nasimama kusikiliza pumzi. Baba hajataja tena safari, ila begi langu bado liko juu ya kabati, na miezi ya vumbi inakaribia.

Wewe unayevuta ya namna hii, niandikie tafadhali. Ulikaa muda gani ndipo ukaacha kukisikiliza kifua chako? Hata mwandiko ukiwa mbaya kama wangu, nitausoma polepole.